Goti Nyuma ya Kaunta

Ndani ya kivuko cha kuelekea Kamanga, Bibi Kokuberwa alimsikia binti wa mbele yake akizungumza na muuza dagaa, aliyekuwa amesogeza ndoo yake kando ili binti apate pa kuweka miguu.

"Kwenye usaili wa supamaketi walimleta mzee ajifanye mteja. Nikapiga goti, 'Shikamoo baba,' nikapotelea nyuma ya kaunta. Wakacheka, wakasema nisirudi."

"Dada, ulidhani umepelekwa ukweni? Dukani unasimama!"

"Ana mvi kichwa kizima, kaka. Nimwamkie wima?"

"Aliyemwamkia wima si ndiye kapata kazi?"

"Kapata. Na mimi huu ulikuwa usaili wa nne."

Bibi alitaka kumwambia kwamba amelelewa vizuri, lakini akahofia kwamba neno hilo ndilo lingemliza. Kivuko kikagusa gati.