Picha Isiyojua Kuinama

Mheshimiwa Waziri wa Elimu; Mzee Afualo na matai wenzako, wakuu wa koo zetu; Mchungaji; Mwalimu Mkuu; Bi. Kirsten Maddow na wabunifu wenzako mliotoka Brisbane, wazazi wetu, wanafunzi wenzangu: talofa, salamu zetu za Kisamoa, na poleni kwa joto.

Naitwa Moelagi, wa mwaka wa kumi na mbili. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si msemaji. Mwalimu Mkuu alinichagua kwa sababu nimefanya kazi na wabunifu hawa kwa miezi mitano, akanipa karatasi mbili za shukrani nizisome mbele yenu. Nimezisoma nyumbani. Ni nzuri, hazina hata kosa moja la tahajia. Mniwie radhi, Mwalimu, sitazisoma hapa.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Ukivaa miwani ya uhalisia pepe tunayoizindua leo, unajikuta katikati ya nyumba yetu ya mikutano kama ilivyokuwa kabla ya kimbunga kuiangusha. Upepo unasikika. Matai wameketi, kila mmoja kwenye nguzo yake. Mkeka umechorwa kwa ufundi hata unaweza kuhesabu nyuzi zake. Nawapongeza kwa dhati. Lakini nawauliza: ninyi mliohesabu nyuzi za mkeka, ilikuwaje msijiulize mkeka hutandikwa ili watu wafanye nini?

Hutandikwa ili watu wakae. Mtoto wa miaka minne wa kijiji hiki anajua kwamba wakubwa wakiwa wameketi, wewe husimami juu ya vichwa vyao. Ukilazimika kupita, unainama, unasema "tulou", unapita kama mtu anayeomba msamaha kwa kuwa na urefu.

Mwezi wa tano tulileta wazee kujaribu. Wa kwanza alikuwa bibi yangu, Fuatino. Alikuja kwa sababu moja tu: familia yetu ilikuwa imewaazima wabunifu picha ya baba yake, na wao wakamchora ndani ya nyumba ile, ameketi kwenye nguzo yake. Bibi hakuwa amemwona baba yake kwa miaka hamsini na mmoja. Alivaa gauni la Jumapili. Akaketi chini, akakunja miguu, nami nikamvisha miwani kwa mikono yangu hii.

Akamwona. Akasema kwa sauti ndogo, "Ee, baba." Kisha akashtuka, kwa sababu alikuwa akimwona kutoka juu.

Programu ile humpa kila mtu macho ya mtu aliyesimama, sentimita mia moja na sabini, hata kama umekaa sakafuni. Bibi akajikuta amesimama katikati ya baraza, juu ya kichwa cha baba yake. Akaanza kuinama. "Tulou, tulou, niwieni radhi." Akainama zaidi. Picha haikushuka. Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu ya darasa, na ndani ya miwani bado alikuwa amesimama, mrefu kuliko wote, huku akilia, "Nishusheni! Jamani, nishusheni!"

Tulicheka. Binamu yangu Sefo alisema, "Bibi anatafuta sarafu!" Bi. Kirsten alipiga makofi akisema, "Ona alivyozama! Ona anavyoamini!" Nami nilicheka, sitaficha. Nilicheka kwa sababu wote walicheka, na mimi ni mwoga. Bibi alivua miwani. Alitengeneza nywele zake, akaondoka.

Usiku ule sikulala. Nilisoma mwongozo wao wote, kisha nikaandika taarifa ya kurasa tatu. Rohan, fundi wao, alinijibu kwa upole: "Urefu tumeufunga makusudi, Moe. Picha ikipanda na kushuka watu hupata kizunguzungu, wengine hutapika." Nikamuuliza kama unaweza kufunguliwa kwa anayeketi. Akasema, "Ni kazi ya asubuhi moja." Basi nikampelekea Bi. Kirsten ombi hilo. Jibu lake ninalo: "Asante kwa maoni mazuri. Mtumiaji wa kawaida husimama."

Mtumiaji wa kawaida ni nani, Bi. Kirsten? Ni nani aliye wa kawaida ndani ya nyumba ya mikutano ya Samoa, kama si Msamoa aliyeketi? Mlikuja kwetu kujenga nyumba yetu, halafu ndani yake mkatufanya sisi kuwa watu wa nadra!

Na hilo lingekuwa kosa tu, na kosa husameheka. Lakini wageni waalikwa, mlipoingia leo mlipita mbele ya skrini kubwa ukumbini, inayoonyesha filamu waliyoipiga wabunifu siku ile. Mlimwona mama mzee ameinama mpaka chini, na juu yake maneno, "Furaha isiyo na mipaka." Baadhi yenu mlitabasamu, niliwaona. Yule ni bibi yangu. Ile si furaha. Ni mwanamke anayeomba radhi kwa baba yake, na hakuna aliyemuuliza kama aonyeshwe.

Tangu filamu ile isambae kwenye simu, bibi haendi kwenye kamati ya akina mama. Mara ya mwisho walimpokea kwa utani: "Fuatino, leo umekanyaga vichwa vya matai wangapi?" Alicheka nao. Alimaliza chai yake. Akarudi nyumbani, na hadi leo anasuka mkeka wake peke yake, nyuma ya pazia.

Mheshimiwa Waziri, mkasi uko mezani mbele yako. Nakuomba, kwa heshima yote, usikate utepe huu leo. Rohan apewe asubuhi yake moja. Skrini ile izimwe sasa hivi, kabla sijashuka jukwaani. Sina cheo cha kuamuru. Naomba tu, na mkikataa, basi mjue kwamba mmekataa mkiwa mnajua.

Bi. Kirsten, si mbaya wewe. Ulinifundisha kwamba kazi ya mbunifu ni kumtazama mtu anavyotumia kitu, si kumweleza alichohisi. Nami nakuamini bado. Ndiyo maana nina hasira.

Nyumba ya bibi ni mwendo wa dakika kumi, ukipita kanisani. Ana mikeka ya kututosha sote. Nimekwisha kumwambia mimi mwenyewe kwamba nilicheka na kwamba nimekosa, na aliniacha nikae karibu naye. Huenda akawaacha na ninyi. Mtavua viatu mlangoni, mtaketi, na atawatazama kwa macho yaliyo kimo kimoja na yenu.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba miguu yenu, nitatangulia.