Waya wa Ubongoni na Mlio wa Sikio Langu

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana leo nasimama mbele yenu na kichwa changu kizima!

Ndugu zangu, mimi ni Fideli, nasaga mahindi kwenye mashine pale Gashoho, kwetu Muyinga. Mashine ile ilinipa ugali, ikanipa na mlio. Hata ikizimwa, sikio la kushoto linaendelea: nziiii! Shambani nziiii, kwenye maombi nziiii. Usingizi ukanikimbia. Nikawa nalia, mimi ninayependa kucheka hivi!

Siku moja nikaona kwenye simu kwamba ng'ambo kuna madaktari wanaojaribu kuingiza waya ndani ya ubongo ili mlio unyamaze, na wanatafuta watu wa kujaribiwa. Niliruka! Nikajiona nimeshapanda ndege, nimerudi na kimya kitamu kama maji ya chemchemi.

Mama akasema, "We Fideli, hebu kwanza twende Gitega kwa daktari wa masikio."

Daktari hakunicheka. Akanieleza polepole: bado ni majaribio. Wapo waliopata nafuu, wapo ambao hawakupata kitu. Damu inaweza kuvuja kichwani, kidonda kinaweza kuoza, hata usemi unaweza kuharibika.

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, ukirudi hujui jina langu, mi nitakuwa mama wa nani?"

Nikavunjika, ndugu zangu! Nikaomba palepale kwenye benchi: "Bwana, nilikuwa tayari kutoa hata akili yangu ninunue kimya. Nishike." Na moyo ukatulia. Moyo ndio uliotangulia, sikio bado.

Daktari akanishauri nizibe masikio kazini, na nikilala pawe na sauti ndogo karibu. Redio yetu imekufa zamani. Basi mama akaweka jiko nje, chini ya dirisha langu, na chungu cha maharage juu yake: bwata, bwata, bwata.

"Lala sasa," mama akasema. "Hawa waimbaji hawachoki, ila nisipowatilia maji wataungua!"

Nikacheka, nikalala!

Atakayekubali waya simhukumu. Aulize yote, apime. Mimi mlio ninao hadi leo, lakini hofu iliyotaka niuze akili yangu imeondoka. Asante Yesu!

Na wewe unayeteswa na jambo ambalo hakuna anayeliona, usiamue peke yako. Mtegemee Bwana, halafu njoo tuketi. Mlio wako sitausikia, lakini wewe nitakusikiliza.