Siku Tisini Hazitoshi Kumrudishia Mtu Furaha Yake

Mgeni rasmi, Bi. Gunnvor Skjelbred, Mkuu wa Afya wa Manispaa ya Sundvåg. Daktari wetu Halldis. Majirani mliovumilia mvua: karibuni Bjørkelia. Kaeni, kahawa ipo tele.

TULIKOTOKA

Nyumba hii ilifunguliwa miaka sita iliyopita na akina mama wawili waliozika watoto wao. Sisi wakazi kumi na mmoja tulifika hapa tukiwa watumwa wa heroini na vidonge, nasi tulijiona watu waovu tu. Daktari Halldis ndiye aliyetufumbua macho. Ubongo, alisema, humtuza mtu kwa kemikali iitwayo dopamini kila apatapo jambo jema, ili alirudie. Dawa za kulevya huleta mafuriko ya kemikali hiyo. Ubongo ukielemewa, hujikinga kwa kupunguza usikivu wake. Ndipo chakula, muziki, hata mtoto wako mwenyewe, vyote hukosa ladha.

"Hamna roho mbaya," alituambia. "Mna ubongo uliochoka. Hupona, lakini haukimbizwi."

TUNALOJIVUNIA

Mgeni rasmi, tunajivunia mpishi wetu Oddvar, aliyekuwa dereva wa basi. Mwezi wake wa nne hapa, bintiye Eline alimletea keki aliyoioka mwenyewe. Oddvar akaitafuna kama anayetafuna karatasi.

"Baba, kwani hujafurahi kuniona?"

"Najua nakupenda, mwanangu. Ila humu ndani kimya. Sisikii kitu."

Binti aliondoka analia. Alasiri ileile Oddvar akafunga begi lake. Tulimzuia mlangoni, na daktari akaketi naye ngazini.

"Mzee, mwezi huu usiusikilize ubongo wako. Nisikilize mimi."

Akabaki. Mwezi wa kumi, Oddvar akiwa anamenya viazi, Eline alimpigia simu kumsimulia paka wao alivyotumbukia kwenye ndoo ya samaki. Oddvar akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akashika meza kwa mikono miwili.

"We Oddvar, umejikata?" tukamuuliza.

"Hapana, jamani. Nimefurahi!"

Tulilia sote, hata Bjarte, ambaye humnunia kila siku kwa sababu ya chumvi.

YANAYOTUKWAZA

Jikoni hatuweki karatasi ya alumini, maana ndiyo tuliyochomea heroini, na kuiona tu humwamshia mtu uchu wa zamani. Hilo tunalimudu. Tusilolimudu ni agizo la manispaa kwamba kuanzia mwezi ujao kila mkazi akae siku tisini tu. Lilipojaribiwa mwanzoni mwa mwaka huu, mwenzetu Kjersti, aliyetufumia kofia za sufu, aliomba abaki. Akaambiwa muda wake umekwisha. Aliondoka ubongo wake ukiwa bado haujapona. Tulimzika Mei, tumevaa kofia zake.

OMBI

Hatuombi rangi ya kuta wala televisheni. Tunaomba mwaka mmoja kwa kila mtu.

Anayekusomea risala hii, Torunn Eikemo, leo ametimiza siku themanini na tatu. Skonzi za iliki zilizo mbele yako kaoka yeye asubuhi. Mwenyewe bado hasikii utamu wake. Sisi humwambia ni tamu, naye hutuamini.

Onja, Bi. Gunnvor, umwambie na wewe. Mungu akulinde, akupe moyo mkunjufu na kalamu nyepesi.

Ni sisi wako,
Wakazi wa Nyumba ya Bjørkelia, Sundvåg