Inchi Nne na Nusu

Sikilizeni wanangu, na wewe Kinyozi zima hiyo simu, wateja wako hawataota ndevu hadi magotini ndani ya saa moja. Nimewaita mchana kwa sababu mchana ndipo pumzi yangu inanitii. Ikifika jioni hunikimbia hata kabla sijamaliza kuomba maji. Daktari wa figo ameshaniambia la kuniambia, nami sikumbishia, maana kitambaa kikiisha hata fundi awe hodari vipi haongezi. Binti Mkubwa, mwalimu wangu wa hesabu, kaa hapa kichwani pa kitanda uandike. Ngazi, wewe kaa pale ninapokuona, kwenye kigoda, na uyakunje vizuri hayo magoti usije ukaniangushia dawa.

Tuanze na yaliyo mepesi. Nyumba hii msiiuze. Binti Mkubwa abaki na vyumba vya nyuma na ua, na chumba hiki cha mbele chenye mlango wa barabarani ni cha Kinyozi, aache kunyoa watu kwenye kibanda kinachovuja. Cherehani ya kukanyaga mpeni yule binti niliyekuwa nikimfundisha kukata kola, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kuniambia kola yangu imepinda, na kweli ilikuwa imepinda. Mkasi mkubwa ni wake pia, ila mwambieni nikisikia umekata karatasi nitarudi. Nguo za watu zimebaki tano pale kwenye msumari, kila moja na jina lake. Suruali ya dereva wa lori bado pindo, mwombeni radhi. Mnizike na suti ya kijivu niliyojishonea mwenyewe, ndiyo nguo pekee iliyowahi kunikaa sawa mikononi.

Ngazi, najua unahesabu na hujasikia lako. Fungu lako linakuja mwisho, na si zuri. Vumilia.

Mama yenu alikuja dukani kwangu akiwa karani wa posta, anataka gauni la kazi. Nilimpima mkono, nikaupima tena nikidhani tepu imeteleza, nikamwambia, dada, kwa mikono hii unaweza kubandika stempu ukiwa nyumbani. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi mfupi kama kigoda nikaja kumuoa mtu ambaye kumfunga kifungo cha shingoni ilinibidi nipande kitu. Urefu mmeurithi kwake, ukimtoa Kinyozi. Kwangu mmerithi ubishi tu. Alikufa na miaka thelathini na tisa, asubuhi, mbele ya duka la mwoka mikate wetu. Alinunua mkate, akamega kipande akala palepale, akashika kifua, akasema, "Kuna kitu kimechanika," akaanguka. Ndivyo alivyonieleza mwoka mikate mwenyewe, akilia, na unga bado mikononi.

Mimi, fundi wa nguo, mtu wa kuambiwa kila siku hiki kimechanika na kile kimechanika, neno hilo sikulisikia. Nilisikia mkate. Nikasema ni sumu. Nikalisema msibani mbele ya watu, nikalirudia sokoni, na wateja wake wakampungua hadi akafunga mlango mmoja wa duka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu ulijikwaa ukaangusha mtu mwingine. Miaka ishirini na sita nimezunguka mtaa wa nyuma kununua mkate mgumu kama soli, na nyinyi mkaula, mkadhani baba yenu anapenda mkate mgumu. Sikuupenda hata siku moja.

Kisha miaka saba iliyopita Binti Mkubwa akaanza kuona ubao wake mwenyewe mara mbili. Daktari wa macho akakuta kioo cha ndani ya jicho kimeteleza kutoka mahali pake, akamwangalia vidole, akamwangalia kimo, akatuandikia twende kwa watafiti, kile kitengo chenye mlango wa kijani, ghorofa ya pili. Nakumbuka lile benchi. Nusu yake walikaa watoto ambao mifupa yao huvunjika hata wakigeuka kitandani, mama zao wamewapakata kwa mito, na nusu nyingine watu warefu warefu kama nyinyi, magoti yanaziba njia. Nikamuuliza yule daktari mtafiti, mama mmoja asiye na haraka, hawa na hawa wanahusiana vipi? Akaniambia mwili umeshikwa pamoja na kitu kama uzi, na uzi huo ukitoka na kasoro tangu tumboni, kwa wengine kasoro inajionyesha kwenye mifupa, kwa wengine kwenye macho, viungo, na ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ambao hutanuka polepole bila kuuma mpaka siku ya kupasuka. Nikamwambia, daktari, leo umefika kwa mwenye lugha yake, maana uzi mbovu haujulikani dukani, unajulikana siku ya kuvutwa. Akaniuliza mambo matatu kuhusu mama yenu. Nilipofika kwenye "kuna kitu kimechanika" akaiweka kalamu chini, na mimi nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, nikaona haya mpaka miguuni.

Binti Mkubwa, wewe ulipigwa picha ya moyo, mshipa ukakutwa umetanuka, ukapasuliwa ukawekewa kipande kipya, na leo uko hapa unaniandikia na miwani yako. Hiyo ndiyo faida ya kujua. Kinyozi, damu yako ilikuwa safi. Kimo inchi sitini na saba, mikono sitini na saba, mwanangu halisi.

Na mimi nilibaki kule. Wauguzi wao walikuwa wakipima watu kwa rula ya ukutani, mmoja anapata hivi, mwingine vile, nikashindwa kuvumilia, nikawaonyesha namna ya kulituliza bega kabla ya kunyoosha tepu. Wakanipa koti jeupe, nikalipunguza mikono, na kila Alhamisi nikawa ninapima: kimo, kisha mikono ikinyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mikono ikizidi kimo kwa kiasi fulani, wanakuwa na wasiwasi. Nimewapima watu mia tatu na kumi na mbili, na yule daktari alikuwa akiwaambia wageni wake, vipimo hivi havina shaka, vimechukuliwa na fundi.

Kimoja kina shaka. Ni chako, Ngazi.

Tulia. Nilikupima hapa nyumbani, mara tatu, miaka sita iliyopita, ile wiki uliyokuwa unasubiri jibu la zimamoto. Kimo sabini na nne. Mikono sabini na tisa. Nikaandika sabini na nne na nusu. Kwa miaka arobaini na mbili ya kazi sijawahi kuandika kipimo cha uongo, hata kwa wanawake walioniomba niwapunguzie kiuno kwenye daftari, lakini siku ile nilikata inchi nne na nusu za mwanangu kwa kalamu. Ulikuwa umeitamani kazi ile tangu una miaka sita, unapanda kabati unamwokoa paka ambaye hakuomba kuokolewa. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimezika mmoja, nimekaa saa nane nje ya chumba cha upasuaji nikimsubiri mwingine, sikuwa na nafasi ya wa tatu. Nikajidanganya kwamba nikikata kwenye karatasi nimekata na mwilini. Daktari alisema hata hivyo aje atolewe damu, ndugu wote lazima wapimwe. Nikamjibu nitamwambia. Barua zako kutoka kule zilikuja mbili. Ziko kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini.

Simama tu, una haki. Ukitaka kupiga ukuta piga, ila piga ule wa kushoto. Huu wa kulia nauhitaji.

Unasema juzi umembeba mtu mzima ghorofa nne. Najua. Ulinihadithia umekaa hapohapo, unacheka, na mimi badala ya kufurahi nikasikia sauti ya mama yako. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na si figo. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi nimekuwa nikisikiliza kengele ya gari lenu ikipita barabarani, nikijiuliza kama leo ndiyo siku ya kilio.

Lililonivunja ni mtoto wako. Wiki iliyopita alikuwa hapa, ana miaka minne, akachukua chaki yangu kwenye rafu ambayo mtoto wa miaka saba haifikii. Nikamwambia njoo, kamata kifundo cha mkono wako kama bangili. Kidole gumba na kidole cha mwisho vikapishana ukucha mzima, dalili ileile wanayoitafuta kule. Akafurahi, akadhani ni mchezo, akaniambia, "Babu, na wewe fanya." Mimi vyangu havigusani. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja na chaki mkononi.

Basi fungu lako ni hili. Daftari la vipimo la buluu ni lako, na tepu. Usiniambie chochote sasa. Vua viatu, simama ukutani. Kinyozi, shika chaki. Visigino viguse ukuta, Ngazi, kidevu usikipandishe. Weka alama. Sasa nyoosha mikono, bega lishuke, litulize... hivyo. Alama huku, na alama kule. Tepu ni inchi sitini, haitoshi, ianze upya pale ilipoishia. Binti Mkubwa, soma wewe, miwani yako ni mizuri kuliko macho yangu.

Unasema sitini... na kumi na tisa.

Haya. Fungua ukurasa wake. Kipimo changu usikifute. Kikate kwa mstari mmoja ili kisomeke, kama wanavyofanya kule, kisha andika sabini na tisa pembeni, na tarehe. Upeleke ukurasa huo kwa yule daktari, umwambie fundi alidanganya mara moja, atoe namba yangu kwenye hesabu zake, kuna watoto wa watu wanatibiwa kwa hesabu hizo. Ngazi, Jumatatu huingii zamu. Unakwenda mlango wa kijani, wewe na mtoto, mpigwe picha. Huenda mshipa wako ni mzima. Huenda kazi yenu ina meza ya kupokea simu. Utanichukia, nichukie, lakini unichukie ukiwa hai.

Kinyozi, maji... asante. Wewe nenda kwa mwoka mikate. Usipeleke zawadi. Ingia kukiwa na wateja, useme kwa sauti ileile niliyotumia mimi: mkate haukuwa na kitu, ni mshipa, na baba alijua miaka saba akanyamaza kwa aibu. Kisha nunua mkate mlaini. Mle wote.

Nimechoka. Sogeeni. Ngazi, na wewe... inama, kwako sifiki, sijawahi kukufikia. Mungu awape umri mrefu kama mikono yenu. Mshikamane. Asiwepo wa kumficha mwenzake jambo kwa kumpenda.

Mleteni mtoto, asimame pale pale, chini ya alama ya baba yake... taratibu, bega lishuke. Na mfungue dirisha. Nataka niione ile chaki.