Mwalimu wa Neno Moja: Kasimiri Luhende, 1909–1956

Padre, wazee wa Puge, walimu na wanafunzi wa Gongoni, na ninyi mliokuja kwa treni kutoka Igalula, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Maisha ya Mwalimu Kasimiri Luhende yameandikwa na dada yake mkubwa, Marcelina, kwa ombi la mjane. Aliombwa aandike kwa ufupi na kwa upole. Kwa ufupi atajaribu.

Marehemu alizaliwa Puge, Nzega, mwaka 1909, mtoto wa pili wa Mzee Luhende na Mama Minza. Alibatizwa tarehe 4 Machi 1914, sikukuu ya Mtakatifu Kasimiri, na padre wa siku hizo hakujisumbua kutafuta jina jingine. Alikulia miguuni pa babu yake mzaa baba, Limbu, ambaye enzi za misafara alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu, akitembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi. Bega la kushoto la Limbu lilikuwa na nundu ya nyama ngumu, mahali pembe zilipokuwa zikikaa. Mzee aliwaruhusu wajukuu wawili tu waipapase, Marcelina na Kasimiri, kwa kuwa wengine walikuwa wakimtekenya. "Msiogope," aliwaambia. "Hapa ndipo ilipopita mahari ya bibi yenu." Alifariki mwaka 1917, na Kasimiri, akiwa na miaka minane, alikataa kula mpaka alipolazimishwa.

Masomo aliyaanza kwa katekista wa Puge, akaendelea misheni Tabora mwaka 1922, akahitimu ualimu mwaka 1929. Huko ndiko alikokutana na neno la Kiingereza lililomganda maisha yake yote, neno charge. Alilisoma kwanza likiwa na maana ya bei. Mara akalikuta ni shtaka. Kitabu kingine kikasema ni askari wanaoshambulia, kingine kikasema ni baruti inayoshindiliwa ndani ya bunduki, na kingine tena kikasema ni mtoto uliyekabidhiwa umlee. Kasimiri akaona anachezewa. Alimwendea mwalimu wake, padre Mkanada aliyekulia katika Kifaransa, naye akamweleza kuwa Waingereza walilitwaa neno hilo kwa Wafaransa, Wafaransa wakalirithi katika Kilatini, na Warumi nao walilizalisha kutokana na jina la gari la magurudumu walilolikuta kwa majirani zao. Mwanzoni kabisa lilikuwa na maana ya kupakia mzigo garini, basi.

"Padre," Kasimiri akamwambia, "kumbe Waingereza wanamzungumzia babu yangu."

Alianza kazi Igalula Januari 1930. Somo la neno lile alilitengeneza huko, na wengi wenu hapa mlilipitia. Alikuwa akifunga mawe katika mkeka, anamtwisha mwanafunzi begani, kisha anaanza kusimulia habari za Limbu. Bei ni mzigo wa mnunuzi, alisema. Shtaka ni mzigo anaotwishwa mtu mbele ya hakimu. Mtoto uliyekabidhiwa ni mzigo ambao huruhusiwi kuutua njiani. Bunduki nayo hupakiwa baruti. Wanafunzi walipomuuliza juu ya askari wanaoshambulia, alikiri kwamba hapo anakisia: huenda ni uzito wote wa farasi na mpandaji unaomwangukia adui. Hakuona haya kusema hajui. Watoto walitoka darasani mabega yakiwauma, na neno lile hawakulisahau tena.

Mwaka 1931 alifika Igalula Mwalimu Justus Masolwa, mwenyeji wa Igunga, mdogo kwa Kasimiri kwa miaka mitatu. Walipikiana, waliazimana mashati, walicheka hadi majirani wakauliza kuna nini. Desemba 1933 walikwenda Puge wakachanjiana, kama wapagazi walivyokuwa wakifanya zamani ili mtu awe na ndugu katika kila nchi apitayo. Padre hakupenda, wazee walipenda sana. Walichanjwa kifuani, damu ikapakwa kwenye ini la mbuzi, kila mmoja akala ya mwenzake. Mzee Luhende akawasimamia kwa maneno yaliyo mazito: "Kuanzia leo baba wa huyu ni baba wa yule. Babu wa huyu ni babu wa yule. Atakayemshitaki mwenzake kwa watu wa nje, damu hii itamuuliza."

Ndoa ya marehemu ilifungwa tarehe 15 Juni 1935, na bibi arusi alikuwa Tekla, binti wa Igalula. Mshenga alikuwa Justus. Aliongea vizuri mno siku ya posa, hata baba yake Tekla akamshika mkono akimwita mkwe, na ikabidi aelekezwe kwamba mkwe ni yule mwingine, aliyekaa kimya karibu na mlango. Siku hiyo tulicheka wote. Mungu aliwajalia watoto wanne, na mwaka 1936 Kasimiri alihamishiwa Gongoni, mjini Tabora, alikofundisha hadi nguvu zilipomwishia.

Sasa inafuata habari ambayo baadhi ya wazee waliomba irukwe. Haitarukwa.

Mwaka 1948 ilitangazwa kwamba mwalimu mmoja wa Jimbo la Magharibi angepelekwa Uingereza kusomea ualimu kwa mwaka mzima. Kila mwombaji angefundisha somo moja mbele ya kamati. Kasimiri hakutamani kitu kingine duniani kama nafasi ile. Alitaka kwenda kuona mahali neno lake lilipotoka, na arudi aanzishe shule ya walimu Puge. Justus aliomba pia, na hilo halikuwa kosa. Majuma kadhaa alikuwa akija Gongoni, anakaa sebuleni kama mwanafunzi, anatwishwa mkeka wa mawe, huku Kasimiri akijinoa. Tekla aliwapikia wote wawili.

Siku ya kamati majina yaliitwa kwa herufi za ubatizo, Justus akaingia kabla ya Kasimiri. Kasimiri alikaa kwenye benchi barazani, na kupitia mlango uliokuwa wazi kwa ajili ya joto akasikia somo lake. Lote, hadi kile kicheko chake kidogo kabla ya habari ya bunduki. Kisha akasikia, "Babu yangu Limbu alikuwa na nundu begani. Nikiwa mtoto niliipapasa kwa mkono huu."

Kasimiri alipoingia na mkeka wake, mwenyekiti alimtazama akatabasamu. "Mwenzako ametangulia na somo hili. Wewe unaweza lingine?" Angeweza kusema. Alikumbuka maneno ya baba yake, akautua mkeka. Alifundisha sarufi, vibaya, akitokwa na jasho, na akashukuriwa.

Justus alipanda meli Januari 1949. Kasimiri alikwenda Puge kwa baba yake mdogo, Mzee Nkwabi, kwa kuwa Mzee Luhende alikuwa ameshafariki, akaomba wazee waketi. Waliketi, wakanywa pombe yake, wakaamua.

"Ulikula ini?" Mzee Nkwabi alimuuliza.

"Nilikula."

"Basi babu ni wenu wote wawili. Mtu hamwibii ndugu yake kitu cha nyumba moja. Rudi kazini, mwanangu."

Ndivyo kosa lilivyohalalishwa, tena kwa mila zetu wenyewe. Nafasi inaweza kumponyoka mtu, akalia, akapona. Huyu aliporwa hata babu yake. Tena alipokonywa na mtu aliyelala kwenye mkeka wake, akala chumvi yake na kumposea mke. Kikulacho ki nguoni mwako. Kasimiri yeye alikuwa amekimeza. Alisalitiwa, na wazee waliokaa mstari wa mbele walimwambia hakusalitiwa.

Bwana Justus alirudi akawa mkaguzi wa shule. Aliyekuwa akimwamkia marehemu "shikamoo kaka" sasa alimwita "Mwalimu" tu, naye Kasimiri alimwitikia vizuri. Mwezi Mei 1952 alikuja kukagua darasa la sita Gongoni, akaomba awape watoto mfano wa somo zuri. Flavia, binti wa marehemu, alikuwa amekaa dawati la pili. Jioni alimuuliza baba yake, "Baba, Babu Limbu ni wa kwetu au ni wa Bwana Mkaguzi?" Kasimiri alimjibu kuwa ni wa kwetu, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakulifundisha tena neno lile. Mkeka ulifunguliwa, mawe yakawekwa chini ya mtungi.

Kifua kilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 1954. Alilazwa Tabora mara tatu. Bwana Justus alituma blanketi na sukari kwa tarishi, mwenyewe hakufika. Juma la mwisho marehemu alimwambia dada yake, "Ukiandika habari zangu, Justus umtaje kwenye ndugu. Na usimseme. Nilikula ini."

"Wewe ulikula," dada akamjibu. "Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, hakuna aliyeniletea hata kipande."

Kasimiri alicheka mpaka akakohoa. Alifariki Ijumaa tarehe 17 Agosti 1956, saa kumi na moja alfajiri, Tekla akiwa amemshika mkono.

Kwa hiyo asiyekula kiapo amesema. Marehemu alifungwa mdomo miaka minane. Marcelina hakufungwa na mtu, na Limbu alikuwa babu yake pia.

Marehemu ameacha mjane, Tekla, watoto wanne, Damas, Flavia, Apolinaria na Sylvester, dada, Marcelina, baba mdogo, Mzee Nkwabi, na ndugu wa chale, Bwana Justus Masolwa, ambaye yuko hapa, mbele, kulia kwa Padre. Aliagiza atajwe, ametajwa.

Kwa desturi ya ukoo wetu, kila anayetupa udongo hutamka kwanza jina la babu yake mzaa baba, ili aliye chini ajue ni nani anamfunika. Watoto wataanza. Baada yao ni zamu ya Bwana Justus. Babu yake alikuwa mfugaji mwema wa Igunga, jina lake tunalijua, lakini si letu kulitamka. Tutanyamaza ili tumsikie.

Ulale kwa amani, Kasimiri, mwana wa Luhende, mjukuu wa Limbu.