Shangazi Anaondoka, Kiti Chake Hakiondoki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mhandisi mkuu wa mfumo wetu wa ujumbe anastaafu baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka ishirini na saba. Kwenye faili za ofisi ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Sisi wa ghorofa ya nne tunamwita Shangazi, kwa sababu atakukaripia mbele ya watu na kukutetea ukiwa hupo.

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike maneno matamu na nisiguse uamuzi mpya wa uongozi. Matamu nitaandika. Uamuzi nao nitaugusa, maana Shangazi hakunifundisha kumung'unya maneno.

Alianza kazi enzi ambazo seva zetu zote zilienea katika chumba kimoja chenye feni mbovu. Mfumo alioujenga sasa unabeba ujumbe wa mamilioni ya watu. Siku ulipoanguka, asubuhi ya kazi, wakubwa walijazana nyuma ya kiti chake, kila mmoja na ushauri wake. Aliwatoa wote nje, mkurugenzi akiwemo, akiwakumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mkurugenzi alisimama koridoni na kikombe chake cha chai hadi mfumo uliporudi. Mwaka uliofuata ndiye aliyempandisha Shangazi cheo.

Lakini tutakachomkumbukia zaidi ni usaili. Wasaili wengine huja na fumbo ambalo jibu lake wanalo mfukoni, wakakaa ng'ambo ya meza kumtazama mtu akitoka jasho mbele ya ubao wa kuandikia. Shangazi huvuta kiti, akakaa ubavuni mwa msailiwa mbele ya kompyuta moja, na kumfungulia hitilafu ya kweli ambayo timu yetu bado haijaitatua. Humwambia wazi kwamba hata yeye jibu halijui, basi walitafute pamoja. Anataka kuona kama utauliza, kama utathubutu kusema hujui, na kama utamsikiliza mwenzako. Kuna bwana mmoja aliyeomba abadilishiwe, apewe msaili anayejua. Shangazi alimtakia safari njema.

Mimi mwenyewe nimepitia kiti hicho. Wasaili wanne walikuwa wamenikataa, maana mbele ya ubao wao nilisahau hata ninayoyajua. Shangazi peke yake alisema ndiyo. Desturi ya hapa ni kwamba ukiwapinga wenzako wote, mgeni unamchukua wewe, na akiboronga umeboronga wewe. Alinichukua. Kazi yangu ya kwanza ilipokwama, minong'ono ikaanza kwamba kajitwisha gunia la misumari. Alivuta kiti, akakaa ubavuni mwangu, tukaanza upya. Nilimpenda tangu siku hiyo na sioni haya kusema.

Sasa uongozi umeamua kwamba kuanzia Jumatatu usaili utafanywa na mashine: maswali kwenye skrini, saa ikihesabu, mtu peke yake chumbani. Kiti cha pili kimeagizwa kirudi stoo. Eti ndiyo haki, kwa kuwa mashine haina upendeleo. Mashine hiyo ingenirudisha nyumbani, mimi na nusu ya watu wanaouzuia mfumo usianguke wakati huu unaposoma.

Basi isikilizwe vizuri. Jumatatu asubuhi anakuja dada mmoja kuomba nafasi katika timu yetu, na mimi ndiye niliyepangiwa kumpokea. Skrini yao nitamwonyesha. Kisha nitakaa ubavuni mwake na kumfungulia hitilafu iliyotushinda wiki hii. Timu nzima imekubali kwamba akifaa, mzigo wake ni wetu sote. Mwenye neno aje, tupo ghorofa ya nne.

Mumewe Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, anaomba tumpigie mkewe simu mara kwa mara, kwani ameshaanza kuifungua mashine ya kufulia kutafuta kwa nini inanguruma, nayo ilikuwa nzima.

Shangazi, asante kwa ndiyo yako moja iliyowashinda wanne. Nenda ukalale hadi jua lipande, wajukuu wakuchoshe kwa maswali kama ulivyotuchosha sisi, na afya isikupungukie. Watu wa stoo walikuja jana kukichukua kiti. Walinikuta nimekikalia.