Hallbera na Maji ya Hrímjökull

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Hallbera. Hallbera, askari wa hifadhi yetu chini ya mlima wa barafu wa Hrímjökull. Mgeni aliyetupa taka mbele yake aliziokota mwenyewe, na kugombezwa juu yake.

Jumanne asubuhi mto ulinuka mayai viza. Hallbera alijua maana yake: volkano imewaka chini ya barafu na kuiyeyusha, mafuriko yanakuja. Akamwambia mdogo wake Ketill, mfugaji wa kondoo, aondoke bondeni. Ketill akacheka.

"Dada, hata maji ya moto ya kuoga nyumbani, yatokayo ardhini, yananuka hivyo. Si tumekua nayo?"

Kweli, sote tumekua nayo. Pua zetu zimeshazoea.

Hallbera akakimbilia kambi ya wageni. Baadhi yao walitaka kupiga picha kwanza. Akatoa kisu, akakata kamba za mahema yao. Mwanamume mmoja akamsukuma, Hallbera akaanguka. Aliinuka, akamzaba kofi, akamsukumia ndani ya basi. Wageni wote walipona. Nasema tena: wote.

Kisha akarudi kwa Ketill. Maji yalikuwa yamefika darajani, yakibeba mapande ya barafu makubwa kama nyumba, na nguzo zinavunjika. Ketill alikuwa zizini na kondoo aliowashusha kutoka milimani wiki ile.

"Siwaachi," akasema.

"Utakufa, mjinga wewe."

"Basi nife nao."

Hallbera akampiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yakatoka. Akamburuta hadi kilimani, damu inamchuruzika, naye bado anawalilia kondoo wake.

"Haya, kaa hapo," Hallbera akamwambia. "Nakwenda kuwafungulia."

Akashuka, akafungua lango. Kondoo wakapanda mlima. Pande la barafu likamgonga kifuani, mdogo wake anaona, na maji yakamfunika. Hallbera hajapatikana mpaka leo.

Jana nilimtembelea Ketill. Mdomo bado umevimba.

"Kondoo wamepona wote," aliniambia. "Na juma hili ndilo letu la kuchinja kila mwaka. Sijui nianze na yupi."

Inaniuma, na nina hasira pia.

Pole sana Ketill, poleni nyote wa nyumba ile. Nawe msikilizaji, siku askari wa hifadhi atakapokuambia ondoka, ondoka. Usipoondoka, yupo mtu atakayerudi kukufuata.